Nyanya Alivyostaafu Kidogo Kidogo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wateja wangu dukani Kitale wanajua. Mtu akinirudishia chupa ya dawa ya ng'ombe aliyokwisha kuitumia nusu, ati haifanyi kazi, husikia maneno mpaka anaichukua chupa yake na kuondoka nayo mwenyewe. Kwa hivyo nikisema kuna mtu mmoja tu ambaye sijawahi kumfokea, ujue si jambo dogo. Mtu huyo ni nyanya yangu, mama mzazi wa mama yangu, anayeishi Kabuchai. Sisi wajukuu tunamwita kukhu, kama Wabukusu wote wanavyowaita bibi zao.

Umri wake hakuna anayeujua sawasawa. Kitambulisho kinasema hivi, yeye anasema vile, na wenzake wa kuulizwa wamebaki wachache, nao wanasahau. Ninachojua ni kwamba amezeeka mbele ya macho yangu na amezeeka vizuri. Zamani nilidhani ni bahati tu, au ni mboga za kienyeji. Siku hizi najua ni kazi, na aliifanya kwa mpango.

Chukua mambo ya mwiko. Kukitokea matanga kijijini, kukhu ndiye aliyesonga ugali wa wageni. Sizungumzii ugali wa nyumbani. Nazungumzia sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani, na mwiko mrefu kama mpini wa jembe, msongaji amesimama miguu kaipanua, moshi unamla macho. Aliifanya kazi hiyo tangu mama yangu akiwa mtoto. Halafu mwaka mmoja, akiwa bado na nguvu zake, hakuna aliyemwambia kitu, akamwita mke wa jirani, mwanamke kijana mwenye mabega. Akamweka chini, akampa chai, akamwekea mwiko mapajani. Akamweleza yote: unga kiasi gani, moto upunguzwe lini, na jinsi ya kuwafukuza wanaume wanaokuja kuonja. Siku nzima. Alipomaliza akajifuta mikono na hakuushika tena mwiko ule.

Matanga yaliyofuata nilikuwepo. Ugali ulikuwa na mabonge, na katikati ulikuwa mbichi kabisa. Watu walianza kunong'ona na kumtupia macho kukhu. Yeye alikuwa amekaa na wageni kwenye kiti, jambo ambalo sikuwahi kuliona, anakula taratibu na mboga yake. Mimi na mdomo wangu nikamwinamia.

"Kukhu, si huu ugali ni mbichi?"

"Mwiko si wangu tena," akasema. "Kula."

Akala akamaliza, akamwita yule mwanamke, akamshukuru mbele ya watu. Basi. Hivyo ndivyo alivyofanya na kila kitu. Jembe zito alimpa mke wa mjomba, ambaye wanaishi boma moja, akajibakizia kijembe kidogo cha bustani ya mrenda na kunde. Mtungi wa maji alimpa binti wa kanisani. Safari za soko la Chwele alizikabidhi kwa jirani. Kila alipoona kitu kinaanza kumshinda, hakungoja kimwangushe au apokonywe. Alikitoa mwenyewe, kwa chai na maelezo, na akishakitoa hasemi tena neno juu yake. Mwiko ukiwasongea watu mawe, shauri yao.

Jina la jambo hilo alilipata kwa baba yangu, na hapo ndipo hadithi yangu inapoanza.

Baba alikuwa afisa wa kilimo. Miaka mingi alifanya kazi Malakisi na wakulima wa tumbaku, baadaye akaletwa Kitale, akanunua shamba nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Kachibora, akajenga. Alipostaafu tulimfanyia sherehe. Kukhu alikuja, lakini alikaa kwenye hema la nyuma, mgongo ameuelekeza kwa mwenye sherehe. Nieleze kidogo kwa wasiotoka kwetu. Mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Hata kitu hakitoki mkononi mwa huyu kikaingia mkononi mwa yule: kinawekwa chini, mmoja anarudi nyuma, mwingine anakiokota. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Si chuki hata kidogo. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na vijana wa siku hizi wanaicheka mpaka siku wanapooa.

Basi huko kwenye hema la nyuma kukhu akasikia wazungumzaji wanasema "kustaafu, kustaafu". Akamuuliza mama ni nini. Mama akamweleza. Kukhu akapiga makofi.

"Kumbe hiki kitu ninachofanya kina jina!"

Tangu hapo akawa anastaafu rasmi. Ukimpigia simu anakwambia, "Juzi nimestaafu kupanda juu ya kiti." Tunacheka, naye anacheka.

Baba, aliyefanyiwa sherehe, ndiye hakujua kustaafu. Ofisi ilimtoa, naye akashikilia vingine vyote kwa meno. Hasa pikapu. Pikapu yake ya safu mbili za viti, kuukuu, yenye mlango mmoja unaofungwa kwa kamba, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi naendesha gari tangu nifungue duka, lakini usukani wa baba sikuwahi kuukalia. Na macho yake yalikuwa yameanza kwenda. Aliwasalimia watu akidhani ni wengine. Siku moja alisimama barabarani kumpungia mkono mlingoti. Nikamwambia, "Baba, hayo macho yatatuua." Akaniambia nirudi kwa dawa zangu za ng'ombe. Kwenda hospitali, hataki. Kutoa funguo, ndiyo kabisa. Tulikosana mara nyingi juu ya funguo hizo, nami nilifoka, na kufoka kwangu hakukusaidia kitu.

Sasa, kuna kitu kimoja hata kukhu alikuwa hajakitoa: komeo lake. Babu alipojenga ile nyumba alichonga gogo la mti mgumu la kufungia mlango kwa ndani, linaingia kwenye vyuma viwili, ukilala umelala. Babu alifariki, na kila jioni tangu siku hiyo kukhu aliliinua gogo lile na kulipachika mahali pake. Tulimwambia aache, tumwekee kitasa cha kisasa ambacho mke wa mjomba atakuwa na ufunguo wake. Akasema hapana. Hiyo ndiyo sauti ya mumewe ya mwisho anayoisikia kila siku, tok, halafu analala. Nani angebishana na hilo?

Mwaka jana, msimu wa kuvuna ukikaribia, aliamka asubuhi akateleza kwenye sakafu yenye maji. Akavunjika kifundo cha mkono. Mke wa mjomba alisikia kishindo akakimbia, akakuta mlango umefungwa kwa gogo. Kukhu ndani analia, yeye nje anasukuma. Mlango wa babu haukutikisika. Walilazimika kung'oa dirisha na kumpitisha kijana aingie. Mkono ulifungwa plasta Bungoma mjini, daktari akasema utapona, na ukapona. Lakini mama yangu alipozisikia habari za dirisha hakuweza kulala tena.

Mama na mjomba wakakaa wakakata shauri: kukhu ahamie Kitale, kwa mama, moja kwa moja. Nyumba ya Kabuchai ifungwe. Mimi niliunga mkono, tena kwa sauti. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akauliza, jamani, nyumba ya mama si ndiyo nyumba ya mkwe? Sijui tulikuwa na akili gani. Nilipomkumbusha mama baadaye, akasema tumeokoka, hayo ni mambo ya zamani. Baba naye alikuwa amesema, "Mlete mama, mimi ni mtu wa kisasa." Kukhu alikataa mpaka mama akalia mbele yake. Akamwona binti yake analia, akafunga nguo zake kwa leso, akapanda gari la mjomba. Komeo alilibeba. Akaliweka mapajani mpaka Kitale.

Ukisasa wa baba haukumaliza hata mlo wa jioni.

Kukhu alikuwa sebuleni. Baba akafika mlangoni, akaona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe kochini, akageuka kama mtu aliyesahau kitu kwenye gari. Akazunguka nyumba nzima akaingia kwa mlango wa jikoni. Chakula akakila jikoni amesimama. Kukhu naye aliposikia kikohozi chake, alihama na sahani yake akaenda kula chumbani ameangalia ukuta. Siku iliyofuata baba alibeba godoro akaenda kulala kwenye stoo ya mahindi, kule nyuma. Ati analinda mavuno. Mavuno gani, na mbwa tunao wawili?

Nilipokuja kuwatembelea nilikuta mzee mzima anatoka stoo na nywele zimejaa makapi, na ajuza mzima amejifungia chumbani asimwone. Mama katikati, sahani huku, sahani kule, amekonda. Nilikasirika nikawa sijui nimkasirikie nani.

Lakini hilo la stoo lilikuwa la kuchekesha tu. Lililoniuma lilikuwa lingine. Kukhu alikuwa anazimika. Kule Kabuchai alikuwa na kijembe chake, bustani yake, kuku wake wa kuwatukana. Hapa, akiinua kikombe, mtu anakipokea. Akisimama, anaambiwa, "Kaa, mama, pumzika." Kuni haziguswi kwa sababu tunatumia gesi, na gesi anaiogopa. Alipoomba kwenda kuchuma mboga akaambiwa kuna mwenye kuleta. Akawa anakaa na kuangalia mikono yake. Hadithi ziliisha. Vicheko viliisha. Jioni analipachika lile gogo nyuma ya mlango wa chumba, mahali ambapo halishiki kitu chochote, linaanguka, analiinua tena.

Nikakaa naye kitandani. Nikamuuliza anaumwa wapi.

"Siumwi," akasema. "Wewe unanijua. Nimestaafu vitu vingi, na vyote nilistaafu mwenyewe. Hapa Kitare nimefutwa kazi."

Kitale yeye huiita Kitare, na hatujawahi kumrekebisha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tanki la maji, kwa sababu niliona wazi kwamba tukimwacha hapa atakufa, na atakufa kwa adabu, bila kumlaumu mtu, na sisi tutasema kwenye mazishi kwamba tulimtunza.

Nikamwambia mama amrudishe. Mama akaniuliza swali moja tu. "Na akianguka tena, mlango ukiwa umefungwa?" Mama hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Waliotutoa pale ni wawili ambao hatukuwategemea.

Mahindi yalikuwa yameingia stoo, na kukhu alimsihi mama mpaka akaruhusiwa kupukuchua ya mbegu, mkono mmoja ukiwa mzima na wa pili umetoka plasta juzi. Alikaa nje kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta wa stoo. Ukuta wenyewe ni wa mbao zilizoachwa nafasi kidogo ili hewa ipite. Na baba alikuwa ndani, kwenye godoro lake. Kwa mila yetu, kukiwa na ukuta katikati mnaweza kusemezana. Nilikuwa nimeleta dawa ya fukusi wa mahindi, nikasikia sauti, nikasimama kwenye kona na mkebe wangu.

"Mama, umeamkaje?" Huyo ni baba, ndani.

"Nimeamka, baba wa watoto. Umelalaje huko na panya?"

"Panya wananiheshimu kuliko watu wa nyumba hii."

Kukhu akacheka. Wallahi sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu aje. Punje zinadondoka kwenye ungo, naye anacheka.

Nikaja kujua baadaye kwamba ilikuwa desturi yao sasa, kila asubuhi. Watu walioishi miaka yote hiyo wakikimbiana kwenye mahindi walikuwa na maneno tele. Kukhu alimuuliza baba habari za Malakisi. Baba alimuuliza mambo ya babu. Nami, nakiri sina adabu, nilianza kupata sababu za kuleta dawa mara kwa mara.

Asubuhi moja baba akasema, "Mama, nimefikiri. Hawa watoto hawaogopi wewe kuanguka. Kila mtu anaanguka. Wanaogopa ule mlango."

Punje zikasimama kudondoka.

"Najua," akasema kukhu.

Kisha kukhu akauliza, kwa upole sana, "Na wewe, baba wa watoto? Kwako wanaogopa nini?"

Baba akakohoa. Nikasikia godoro linalia chini yake.

"Gari," akasema. "Lakini hiyo ni tofauti."

"Eee," akasema kukhu. "Ni tofauti." Akaendelea kupukuchua.

Jumapili, mjomba alipokuja kutoka Kabuchai, baba aliita kikao. Mkwe kuita kikao juu ya mama mkwe wake, hilo kwetu halipo. Alikaa barazani, kukhu akawa ndani nyuma ya pazia la dirisha, na baba akaongea kama bado ana wakulima mbele yake.

"Mama arudi kwake," akasema. "Nilisema mimi ni mtu wa kisasa, nilidanganya. Namheshimu mno, siwezi kumwona akikaa kwangu kama mgeni asiye na la kufanya. Nitamrudisha mwenyewe, kwa gari langu."

"Na mlango?" mama akauliza. Machozi yalikuwa tayari yanamtoka.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Binti yangu, huo mlango niachie. Nitakujibu tukifika."

Kwa hivyo tukaenda, na mpaka tunafika hakuna aliyejua atajibu nini. Kama angekataa kutoa komeo, mama alikuwa ameapa kumgeuza na kurudi naye Kitale siku hiyo hiyo.

Safari yenyewe, Mungu ndiye anajua tulifikaje. Baba kwenye usukani, mimi kando yake, mama na kukhu nyuma. Kukhu aliketishwa nyuma kabisa ya kiti cha baba ili wasionane. Bado haikutosha: baba akakipindua kioo cha ndani kikaangalia dari, asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Nikasema, "Baba, sasa unaendesha bila kuona nyuma!" Akasema nyuma si tunakoenda. Kiminini tukapita, Kamukuywa, Kimilili. Karibu na Chwele trekta la miwa lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, trela limejaa, matawi yamewekwa nyuma kama ishara. Mimi niliyaona matawi kutoka mbali. Nilingoja baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikapiga kelele, akakanyaga breki, pikapu ikaserereka ikasimama pua ikigusa miwa.

Nyuma nilimsikia mama akiomba. Kukhu alikuwa amelishika komeo lake kwa mikono miwili. Baba alikaa akiangalia mbele, akafuta miwani yake kwa shati, akarudi nyuma kidogo, akalizunguka trekta. Mimi nilijaa hasira, na safari hii hasira zenyewe hazikunitoka mdomoni.

Tulipofika Kabuchai, mke wa mjomba alikuwa amefagia uwanja na kupika chai. Kukhu alishuka, akawatazama kuku wake, akawatukana kidogo. Akaingia ndani, akagusa kuta. Akatoka. Akamwomba mke wa mjomba amiminie kila mtu kikombe, na baba awekewe cha kwake kule mbali, chini ya ukingo wa paa la jikoni. Ndipo nikaelewa. Chai. Kukhu alikuwa anataka kustaafu.

Akatembea mpaka katikati ya uwanja na gogo mikononi. Akaongea akiangalia nyasi, kwa sababu aliyekuwa anamwambia hakupaswa kutazamwa.

"Baba wa watoto, hili lilichongwa na mkwe wako. Ni zito kuliko linavyoonekana. Usiliweke kwenye unyevu, litaliwa. Usilipake rangi, hakulipaka. Jioni ukitaka kulisikia, gonga mlango wako mara moja, hivi. Mimi nimelisikia vya kutosha. Mlango wangu sasa utafungwa kwa kitasa, na ufunguo mmoja akae nao huyu mke wa mwanangu."

Akaliweka chini kwenye nyasi. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka ukutani kwake, akageuza uso pembeni. Mama alikuwa analia waziwazi. Baba akatoka kule jikoni, akainama, akaliokota kwa mikono miwili. Alisimama nalo kama mtu aliyepewa mtoto.

"Asante, mama," akasema.

Kukhu, uso bado upande, akasema maneno matatu tu. "Mimi nimetoa langu."

Baba akalihamishia komeo kwapani. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za pikapu, akanitazama mimi.

"Njoo hapa," akasema. "Kunywa chai yako umalize kwanza."

Nikainywa ikiniunguza. Kisha akaniambia yote, palepale uwanjani, mama mkwe wake akisikia. Gia ya pili inakataa, usiilazimishe, ibembeleze. Mlango wa kamba, fundo ni hili. Maji ya rejeta kila asubuhi, usimwachie mtu. Barabara ya Kitale wakati wa mvua, shikilia kushoto. Aliongea mpaka akaishiwa. Funguo akaniwekea mkononi, mkononi kabisa, kwa sababu mimi ni mtoto wake na hatuna haja ya nyasi.

Wakati wa kuondoka nilimkumbatia kukhu. Nilitaka kumwambia mengi, nikasema tu, "Asante, kukhu." Akanisukuma ati nitamvunja mkono mwingine. Kijembe chake kilikuwa tayari mkononi.

Nikaendesha. Baba alikaa kiti cha kando, ambacho sijui kama aliwahi kukikalia, komeo mapajani. Kioo cha ndani nilikirudisha mahali pake. Tulipoanza mlima nikaingiza gia ya pili vibaya, gari likalia kama nguruwe. Mama akashtuka. Nikaona kwa pembe ya jicho baba anafungua mdomo. Akaufunga. Gia ikalia tena. Baba akatazama dirishani.

"Baba, sema tu," nikamwambia.

"Gari si langu," akasema.

Baada ya Kimilili jua lilikuwa upande wa mlima, na Elgon ilikuwa wazi kuanzia chini hadi juu, kila korongo, hakuna hata wingu. Baba aliangalia upande huo kwa muda. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeulizia hali ya hewa, "Leo mlima umefunikwa?"

Nikafikiria matawi ya trekta, na kukhu nyuma ya kiti kile, akiwa amelishika gogo la mumewe bila kusema neno.

"Hapana, baba," nikasema. "Uko wazi wote."

Baba akalipapasa komeo, akaligonga kidogo kwa kidole, tok.

"Basi kesho unipeleke kwa daktari wa macho," akasema. "Wewe ndiye una gari."